Ligi Isiyoshusha Daraja: Michezo ya Marekani Ilivyoshika Njia Yake

Juni 25, 2009, katika ukumbi wa Madison Square Garden jijini New York, jina la kijana wa Dar es Salaam lilitajwa la pili. Hasheem Thabeet, aliyekuwa amecheza kikapu miaka mitatu katika Chuo Kikuu cha Connecticut, alitangaziwa mbele ya kamera kwamba anakwenda Memphis Grizzlies. Stephen Curry alisubiri hadi nafasi ya saba. Watanzania tulishangilia, na tulikuwa na kila sababu. Wachache walijiuliza jambo lenyewe limekaaje. Kijana hakuichagua timu, timu ndiyo iliyomchagua. Hapakuwa na klabu iliyomlea na sasa inamuuza, wala ada ya uhamisho. Na Memphis iliingia kwenye bahati nasibu iliyoipa nafasi hiyo kwa sababu msimu uliotangulia ilikuwa imefungwa michezo 58 kati ya 82.

Kwetu timu inayofungwa hivyo hushuka daraja, ikaenda kucheza kwenye viwanja vya vumbi mpaka itakapojirekebisha. Kule ilipewa kijana mrefu kuliko karibu wote waliokuwa ukumbini.

Mpangilio huo haukuzuka wenyewe. Una tarehe, na una watu waliokaa mezani wakaupitisha, kila mmoja akitazama mfuko wake.

Makasia na reli, 1852 hadi 1882

Agosti 1852, wanafunzi wa Harvard na Yale walishindana kupiga makasia katika ziwa Winnipesaukee, jimboni New Hampshire. Gharama za safari zililipwa na kampuni ya reli iliyotaka abiria na watalii wa kwenda ziwani. Hayo ndiyo mashindano ya kwanza ya michezo kati ya vyuo vya Marekani, na tangu siku hiyo chuo, mchezo na fedha za mfanyabiashara vimepanda boti moja.

Oxford na Cambridge walikuwa wameanza kushindana kwa makasia tangu 1829, kwa hiyo Wamarekani waliiga. Tofauti ilikuja baadaye. Uingereza, mchezo ulitoka mikononi mwa wasomi ukashuka mitaani. Aston Villa ilianzishwa 1874 na vijana wa kanisa, Newton Heath, ambayo leo ni Manchester United, ilikuwa ya wafanyakazi wa reli, na Arsenal ilizaliwa 1886 katika kiwanda cha silaha cha Woolwich. Marekani, futiboli ilibaki chuoni. Novemba 6, 1869, Rutgers na Princeton walicheza mchezo uliofanana zaidi na soka ya London, watu 25 kila upande, Rutgers wakashinda 6 kwa 4. Laiti Harvard wangeufuata, pengine Wamarekani leo wangekuwa wanabishana kuhusu kuotea kama sisi. Lakini Harvard walipenda kushika mpira kwa mikono. Mwaka 1874 waliwaalika McGill kutoka Kanada, wakaonja raga, wakanogewa. Kisha Walter Camp wa Yale akaanza kuchonga sheria mpya: wachezaji 11, timu moja kuachiwa mpira bila kugombewa mwanzoni mwa kila zamu, na kuanzia 1882 wajibu wa kusonga mbele umbali maalumu la sivyo mpira unakwenda kwa wapinzani. Mchezo ambao hakuna nchi nyingine iliyokuwa ikiucheza ukawa mchezo wa watoto wa wakubwa.

Hoteli ya New York, 1876

Besiboli ilikuwa na njia tofauti. Cincinnati Red Stockings walianza kulipa wachezaji hadharani mwaka 1869, na 1871 kikaundwa chama cha wachezaji wa kulipwa. Klabu yoyote ilijiunga kwa dola 10. Nyingine zilifilisika katikati ya msimu, nyingine zilikataa kusafiri zikiona zimeshakosa ubingwa, na wacheza kamari walizunguka viwanjani wakinunua matokeo.

William Hulbert, mfanyabiashara aliyeongoza Chicago White Stockings, aliona ni upuuzi. Februari 2, 1876, aliwakusanya viongozi wa klabu nyingine katika hoteli ya Grand Central, New York, wakaunda National League. Timu zilikuwa nane. Kila mji ungekuwa na timu moja tu, na mji wenye watu chini ya 75,000 haukutakiwa. Chama kilichotangulia kilikuwa cha wachezaji. Hiki kilikuwa cha wamiliki. Msimu huohuo timu za New York na Philadelphia zilipokataa kumaliza ratiba yao ya safari, Hulbert alizifukuza zote mbili, ingawa zilitoka katika miji mikubwa kuliko yote nchini. Hapo kila mtu akaelewa kwamba mlango una mwenyewe.

Mwaka 1879 wamiliki walikubaliana kwa siri kwamba kila klabu iwashikilie wachezaji watano ambao klabu nyingine haitawagusa. Baadaye kifungu hicho kilipanuliwa kikawafunga karibu wote. Mkataba ukiisha mchezaji habanduki; ama akubali anachopewa, ama aache besiboli.

Sasa linganisha na Uingereza ya miaka 12 baada ya mkutano wa hotelini. William McGregor, muuza nguo wa Birmingham na kiongozi wa Aston Villa, alianzisha Football League mwaka 1888 akiwa na klabu 12. Naye alikuwa akitafuta ratiba ya uhakika, kama Hulbert. Lakini Uingereza tayari ilikuwa na mamia ya klabu chini ya chama kimoja cha soka cha tangu 1863, kilichokuwa na kauli juu ya wote. Ligi haikuweza kujifungia ndani. Tangu mwanzo timu nne za mwisho zililazimika kuomba upya nafasi zao, mwaka 1892 likaja daraja la pili, na kufikia 1898 kupanda na kushuka kukawa kwa matokeo ya uwanjani. Dunia nzima iliiga huko, Tanganyika na Kenya zikiwemo, kwa sababu soka ilisafiri kwa meli za Waingereza. Ligi ya Hulbert haikusafiri kwa namna hiyo.

Nikiulizwa ni siku gani michezo ya Marekani iliachana na ya wengine, nitaitaja hiyo ya hotelini. Wapo wanaosema Mmarekani kwa asili yake hapendi sare, au hana subira ya mchezo wenye mabao machache. Sikubaliani nao. Besiboli ina saa nzima za kusubiri, na mtu anayeweza kuivumilia hawezi kushindwa na dakika 90.

Vifo vya 1905

Kufikia mwanzo wa karne ya 20, futiboli ya vyuo ilikuwa na viwanja vya zege, makocha wa mishahara, na majeneza. Msimu wa 1905 pekee vijana wasiopungua 18 walikufa wakiicheza, wengi wao wanafunzi wa sekondari. Rais Theodore Roosevelt, ambaye mwanawe alikuwa akicheza Harvard, aliwaita Ikulu wawakilishi wa Harvard, Yale na Princeton. Mwaka uliofuata sheria zilibadilishwa, kurusha mpira mbele kukaruhusiwa ili msongamano upungue, na chombo kipya cha kusimamia michezo ya vyuo kikaundwa ambacho tangu 1910 kinaitwa NCAA.

Kwa hiyo mchezo ulinusurika, ukabaki chini ya vyuo. Serikali haikuunda wizara ya michezo, na hadi leo Marekani haina. Klabu za mitaani za kulea watoto hazikuota mizizi, kwa kuwa kazi hiyo ilifanywa na sekondari na vyuo. Mjini Ann Arbor, Chuo Kikuu cha Michigan kina uwanja wenye viti 107,601; hakuna klabu ya soka ya Ulaya yenye uwanja mkubwa kiasi hicho, na wanaochezea humo ni wanafunzi.

Fedha za viingilio ziliwaneemesha makocha, zikajenga majengo. Mchezaji alipata masomo, basi. Ufadhili wa masomo kwa kipaji cha michezo uliruhusiwa rasmi mwaka 1956, na katika miaka hiyohiyo uongozi wa NCAA chini ya Walter Byers ulisisitiza kwamba wachezaji waitwe wanafunzi-wanamichezo. Nia ilikuwa mchezaji akivunjika mgongo, familia yake isije mahakamani kudai fidia ya mfanyakazi. Byers mwenyewe alikuja kuyaeleza hayo baada ya kustaafu, na kuulaumu mfumo alioujenga.

Mahakama, rangi na drafti, 1922 hadi 1947

Ligi iliyofungwa ilihitaji kinga, na kinga ilitoka mahali pasipotarajiwa. Mei 1922, Mahakama ya Juu ya Marekani, hukumu ikiandikwa na Jaji Oliver Wendell Holmes, ilisema besiboli si biashara ya kuvuka majimbo, hivyo sheria ya kupinga ukiritimba haiihusu. Timu zilizokuwa zikipanda treni kutoka jimbo hadi jimbo kukusanya viingilio zilionekana hazifanyi biashara. Hukumu hiyo imekosolewa na wanasheria tangu hapo, lakini haijawahi kufutwa yote.

Mlango wenye mwenyewe huchagua pia rangi ya anayeingia. Tangu miaka ya 1880 wamiliki walielewana, bila kuandika popote, kutomsajili Mweusi. Katika mfumo wa madaraja, timu ya Weusi yenye nguvu ingeweza angalau kuidai nafasi yake kwa kushinda. Hapa haikuwa na ngazi ya kupandia. Rube Foster aliunda Negro National League mwaka 1920, na wachezaji wa hadhi ya juu kabisa walizeekea huko. Jackie Robinson aliingia uwanjani akiwa na Brooklyn Dodgers Aprili 15, 1947, kwa sababu mmiliki mmoja alitaka.

Futiboli ya kulipwa nayo ilikuwa ikijikongoja. Bert Bell wa Philadelphia Eagles, timu iliyokuwa ikifungwa ovyo, alichoka kuona vijana bora wa vyuoni wakikimbilia timu tatu au nne tajiri. Akapendekeza vijana wagawanywe kwa zamu, wa mwisho kwenye msimamo akitangulia. Matajiri walikubali, kwani waliona ligi yenye timu mfu itawaua na wao. Februari 1936, katika hoteli moja ya Philadelphia, drafti ya kwanza ikafanyika. Wa kwanza kuchaguliwa, Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago, hakukubaliana na malipo na hakucheza ligi hiyo hata siku moja. Kikapu, mchezo uliobuniwa na James Naismith huko Springfield mwaka 1891, kiliupokea utaratibu huo, kisha mpira wa magongo wa barafuni, kisha besiboli.

Televisheni na malori ya usiku, 1957 hadi 1984

Mwaka 1957 Brooklyn ilipoteza Dodgers. Walter O'Malley, mmiliki, alishindwa kuelewana na jiji kuhusu uwanja mpya, akaihamishia timu Los Angeles, mwendo wa karibu kilomita 4,000. Hakuvunja sheria yoyote. Timu ilikuwa mali yake, kama duka.

Miaka minne baadaye Pete Rozelle, kamishna wa NFL, ligi ya futiboli ya kulipwa, aliwashawishi wamiliki wa New York na Chicago wauze haki za televisheni kwa pamoja na kugawana sawasawa. Bunge likapitisha sheria ya kuruhusu jambo hilo, Rais Kennedy akaitia saini Septemba 1961. Green Bay, mji wa Wisconsin wenye watu laki moja hivi, ukapata fungu sawa na New York, na timu yake ikatwaa fainali kuu mbili za kwanza za futiboli, yaani Super Bowl, Januari 1967 na Januari 1968. Green Bay Packers pia ndiyo timu pekee ya ligi hiyo inayomilikiwa na mashabiki wenye hisa, tangu 1923. Ligi imekataza nyingine yoyote kufuata mfano huo.

Hapo pana kichekesho. Taifa linalohubiri soko huria kila kona ya dunia huendesha michezo yake kwa kugawana mapato, kumsaidia aliyeshindwa na kuweka ukomo wa mishahara. NBA, ligi ya kikapu, iliuweka msimu wa 1984, NFL mwaka 1994. Ulaya ya vyama vya wafanyakazi na matibabu ya serikali huiacha klabu ndogo ife kwa madeni. Lakini ujamaa huo wa Marekani ni wa wamiliki wenyewe kwa wenyewe. Mchezaji alibaki amefungwa mpaka Curt Flood, mwaka 1969, alipokataa kuhamishwa kutoka St. Louis kwenda Philadelphia na kumwandikia kamishna kwamba yeye si mali ya kununuliwa na kuuzwa. Alishindwa Mahakama ya Juu mwaka 1972, kazi yake uwanjani ikiwa imeshakwisha. Mwaka 1975 msuluhishi aliwaachia huru wachezaji wengine wawili, na mlango aliougonga Flood ukafunguka kwa waliomfuata. Ulaya, ambayo nayo ilikuwa na minyororo yake, ilisubiri hukumu ya mahakama ya 1995, ile ya Bosman, ndipo wachezaji wake wafunguliwe.

Usiku wa Machi 28, 1984, malori yalifika Baltimore, yakapakia vifaa vya timu ya Colts, yakaondoka kabla hakujapambazuka. Wabunge wa jimbo walikuwa wakiandaa sheria ya kuitwaa timu. Mmiliki akawahi, akaipeleka Indianapolis. Hebu fikiria Simba ikihamishwa Msimbazi usiku wa manane, asubuhi ikaamkia Mwanza. Baltimore ilikaa bila timu ya NFL miaka 12, na ilipoipata ilikuwa kwa kuichukua ya Cleveland. Miji imejifunza kuogopa. Mmiliki akitishia kuondoka, walipa kodi humjengea uwanja.

Uingereza walionja kidogo tu. Mwaka 2002 klabu ya Wimbledon iliruhusiwa kuhamia Milton Keynes. Mashabiki waliobaki walianzisha AFC Wimbledon ndani ya wiki chache, wakaanzia kwenye ligi za mtaani, na kufikia 2011 walikuwa wamepanda madaraja matano hadi kurudi Football League. Watu wa Baltimore waliipenda timu yao si chini ya wale. Walichokosa ni ngazi.

Wasichana, na vijana wetu

Juni 1972 Rais Nixon alitia saini sheria ya elimu ambayo kifungu chake cha tisa kilikataza ubaguzi wa kijinsia katika taasisi zinazopokea fedha za serikali kuu. Neno michezo halimo. Lakini kwa kuwa michezo ya Marekani imo shuleni, sheria ya elimu ikawa sheria ya michezo. Kabla yake, wasichana wa sekondari waliokuwa wakicheza hawakufika 300,000. Kizazi kimoja baadaye walizidi milioni 3. Sheria hiyo ilipopita, Uingereza ndiyo kwanza ilikuwa imeondoa marufuku ya 1921 ya wanawake kutumia viwanja vya klabu za ligi, na Brazil iliendelea kuwakataza wanawake soka hadi 1979. Marekani ilipotwaa Kombe la Dunia la kwanza la Wanawake mwaka 1991, kikosi chake kilikuwa kimepikwa vyuoni.

Milango hiyohiyo ya vyuo iliingiza Afrika Mashariki. Makocha wa riadha walihitaji pointi, nasi tulikuwa na wakimbiaji wasio na mahali pa kusomea. Henry Rono, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, alivunja rekodi nne za dunia mwaka 1978 ndani ya siku 81. Suleiman Nyambui alikuwa Texas, El Paso, alipokwenda Moscow mwaka 1980 kuichukulia Tanzania medali ya fedha ya mita 5,000. Dikembe Mutombo alitoka Kinshasa akaenda Georgetown kusoma, na 1991 akachaguliwa wa nne kwenye drafti. Wengi walirudi na shahada, jambo ambalo akademi za soka za Ulaya haziwapi vijana wanaoachwa njiani.

Soka yenyewe, 1921 hadi 1996

Watu husahau kwamba Marekani ilikuwa na ligi ya soka ya kulipwa tangu 1921, yenye wafanyakazi wa viwanda na Waskoti walionunuliwa, na kwamba 1930 ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia la kwanza. Ligi hiyo iligombana na chama cha soka mwaka 1928, mdororo wa uchumi ukafuata, na 1933 ikafa. Iliyofuata, ya kina Pelé na Cosmos, ilianguka 1984.

Kombe la Dunia la 1994 lilitolewa kwa sharti la kuunda ligi mpya, na 1996 ikaanza MLS yenye timu 10. Wawekezaji hawakumiliki klabu hasa. Walimiliki hisa za ligi, na mikataba ya wachezaji ilikuwa ya ligi. Hakuna kushuka. Mchezo wa Waingereza ulikuwa umefika, ukaketishwa kwenye meza ya Hulbert.

Kuvuka bahari, 2021 hadi 2025

Aprili 18, 2021, klabu 12 za Ulaya zilitangaza ligi yao ambayo waanzilishi wasingeweza kutolewa. Nyuma yake, kati ya wengine, walikuwa wamiliki wa Kimarekani wa Manchester United, Liverpool na Arsenal. Mashabiki walifurika barabarani, na ndani ya saa 48 klabu zote sita za Uingereza zilikuwa zimejitoa.

Nyumbani kwao pia mambo yalianza kulegea. Mwaka huohuo wanafunzi waliruhusiwa kuuza majina na sura zao, na Juni 2025 mahakama iliidhinisha vyuo viwalipe wachezaji moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka. Nguzo ya chuo imepasuka, na hakuna ajuaye riadha na michezo mingine isiyoingiza fedha itaegemea wapi. Vijana wetu wanaotazamia kupitia huko wana sababu ya kufuatilia kesi hizo kuliko matokeo ya Super Bowl.

Nguzo ya Hulbert bado imesimama. Mwaka 2021 waigizaji Ryan Reynolds na Rob McElhenney waliichukua Wrexham ya daraja la tano kwa pauni milioni 2, na kufikia 2025 ilikuwa imepanda mara tatu mfululizo hadi daraja la pili. Mwaka huo wa 2025 San Diego iliingia MLS ikiwa timu ya 30. Haikuwa imemfunga mtu yeyote. Ilikuwa imelipa dola milioni 500.